Mzee wa Dipu na Masikio ya Israeli

Hebu niambie, wewe mwenye umesoma: ng'ombe akikuja mbele yako, unaangalia wapi kwanza? Pembe? Mimi Mkikuyu naangalia matiti, sikufichi. Nataka kujua kama hapo kuna chai. Mtu wa bucha anaangalia mgongo na mapaja. Lakini Mzee wa Dipu alikuwa anaangalia masikio. Masikio ya ng'ombe kwanza, halafu ndio akusalimie wewe mwenye ng'ombe.

Jina lake silisemi. Usidhani nimelisahau, kichwa yangu bado iko sawa. Ni vile yeye alikuwa Mmasai wa kabisa, na Wamasai mtu akifa, jina lake wanalilaza na yeye. Hakuna kuliita-ita tena. Sisi kwetu mtu akienda tunangoja mtoto azaliwe, tunampatia jina, linaendelea kutembea barabarani na kamasi. Wao wanalinyamazia. Na kwa vile leo ni yeye nasema, wacha nifuate ya kwao. Hata akiwa hai, Kitengela yote tulimwita tu Mzee wa Dipu.

Dipu ni nini? Nyinyi watoto wa fleti hamjui. Ni ule mfereji mrefu wa simiti, umejaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe anaingia huku, anaruka chubwi, anaogelea, anatokea kule akitiririka kama mama amenyeshewa na nguo za kanisa. Wakati huo Kitengela ilikuwa nyasi. Mimi nilikuwa na kibanda cha chai na mandazi hapo karibu na dipu, kwa sababu penye ng'ombe wanangoja, wenyewe pia wanangoja, na mtu akingoja anakula.

Kazi ya mzee ilikuwa kuchanganya dawa. Hiyo tu. Lakini akishachanganya, anaenda anasimama pale ng'ombe wanatokea, na kila kichwa kikitoka kwa maji anashika sikio, anaangalia, anaachilia. Wenye ng'ombe wanampigia kelele, "Mzee, unachelewesha watu!" Yeye kama hakusikia.

Unajua kila ukoo wa Wamasai uko na vile wanakata sikio la ng'ombe. Wengine wanapasua ncha, wengine wanakata pembeni kama meno, wengine wanatoboa. Ya mzee ilikuwa sikio la kushoto limepasuliwa ncha, limefunguka kama mkia wa mbayuwayu, na la kulia likatolewa kipande kidogo chini. Baba anamshika kijana wake mkono na kisu, anamwonyesha. Hivyo ndivyo wanapeana.

"Mtu anaweza kusahau lugha ya mama yake," mzee alikuwa ananiambia, na mandazi yangu mdomoni. "Anaweza kubadilisha dini. Anaweza kuvaa suruali ya longi. Lakini kisu chenye baba alimwonyesha, Mama Chai, hicho hawezi kubadilisha."

Na ni kwa hayo masikio alikuwa anatafuta Waisraeli.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, mambo ya Israeli kupotea nilifundishwa na yeye. Ati walikuwa makabila kumi na mbili. Mfalme wa Ashuru akakuja akabeba kumi, wazee, wamama, watoto, na mifugo, akawapeleka mbali huko kwake. Halafu Biblia inanyamaza. Hairudi kusema walifika wapi, walikula nini, nani aliwazika. Hiyo kunyamaza ndiyo ilikuwa inamchoma. "Watu wengi hivyo!" anasema. "Na ng'ombe zao! Hata mavi hakuna mtu aliona?"

Sasa kuna kitu wacha nikwambie mapema, ndio usicheke sana halafu ujilaumu mwisho. Mzee alikuwa na kijana mmoja. Wasichana walikuwako, waliolewa, mmoja mpaka Matasia huko. Lakini kijana alikuwa huyo mmoja. Mrefu, mpole, wa kucheka kwa pua. Ile kiangazi mbaya, wakati hata miti ilikuwa inakatwa matawi ng'ombe wakule, kijana alichukua ng'ombe yote ya baba yake akaenda nayo kusini kutafuta nyasi. Akafika Illasit, huko mpakani, akapiga simu. Akasema hapa pia ni mawe, lakini wanasema ng'ambo kumenyesha. Baba yake akamwambia nenda. Na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake simu ikawa mteja hapatikani. Keshokutwa mteja. Mvua ikarudi, nyasi ikamea, watu wengine wakarudisha ng'ombe zao. Yeye hakurudi, na hakuna hata ndama alirudi.

Kwa hivyo ukiona mzee ameshika sikio la ng'ombe ya mtu, ujue hapo kuna kutafuta mara mbili. Hiyo ya Israeli alianza zamani, akiwa bado kijana, hata kabla hajaoa. Hii ingine ikaja ikakaa juu yake. Ukimuuliza anatafuta nani, anasema, "Wote."

Na kila mtu alikuwa na yake ya kusema. Kuna waliosema kijana aliibiwa ng'ombe akaona haya kurudi. Kuna waliosema ameoa huko na ako na watoto. Kuna mama mmoja alisema eti ameuza zote ananunua nyumba mjini. Huyo sikumuuzia chai mwezi mzima. Mzee alikuwa anawasikiliza wote na kofia yake imelala kwa goti, halafu anasema, "Hata wale kumi, kila mtu ako na pahali anawaweka. Wengine wanawaweka India. Wengine Ethiopia. Hakuna mtu anawaweka kaburini. Unaona?"

Yeye aliwaweka kwa mto. Alisema walitoroka kule Ashuru na ng'ombe, wakafuata mto mkubwa wa Misri wakipanda nao juu, kwa sababu ng'ombe haendi mbali na maji. Wakapanda, wakapanda, mpaka wakatokea huku. Na ndio hao Wamasai. "Angalia mwenyewe," anasema. "Tunatahiri. Hatuchanganyi maziwa na nyama siku moja. Mungu wetu Enkai ni mmoja na ako na mlima unatoa moshi. Unataka nini ingine, cheti?"

Mimi namuuliza, "Na sisi Wakikuyu?"

"Nyinyi mlichoka njiani. Mkakaa chini, mkaanza kuchimba."

Wee! Kibanda yote inacheka. Kulikuwa na karani mmoja Mluhya, alikuwa amepanga chumba hapo nyuma na anaenda kazi Nairobi kila siku, lakini Jumamosi ni yetu. Huyo karani anasema, "Na sisi watu wa magharibi, mzee?"

"Nyinyi mlisikia kuku akilia kwa mtu, mkaingia. Hamjatoka mpaka leo."

"Na Wajaluo je?"

"Hao waliona samaki."

Siku moja nikasema leo nitamweza. Nikamwambia, "Mzee, makabila ngapi yamepotea?"

"Kumi."

"Sasa sikiza. Sisi Wakikuyu tuko na koo zetu, na ukimuuliza mzee wa kwetu ni ngapi atasema ni tisa na ikajaa. Hawezi kusema ile ingine, kwa sababu kuhesabu watu mpaka mwisho ni mkosi. Tisa na ikajaa, hiyo ni ngapi?"

Karani akapiga meza. "Kumi! Mzee, umeshikwa! Israeli ndio hawa wa kuuza mandazi!"

Mzee akanywa chai, akaweka kikombe polepole. "Mama Chai," akasema, "wewe hukupotea. Mtu amepotea hajui ploti inauzwa wapi. Nyinyi mlifika moja kwa moja."

Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Lakini unajua ilinidunga pia, kwa sababu hata kibanda changu kilikuwa kwa ardhi ilikuwa ya mjomba wake. Alikuwa hivyo. Anakuchekesha, na kesho ukiwa unaosha vyombo ndio unasikia uchungu wake.

Usidhani alikuwa malaika. Hiyo ya maziwa na nyama, alikuwa anatuhubiria wiki nzima. Halafu kukawa na harusi ya binti ya ndugu yake huko Oltepesi, na mimi nilialikwa kupika chapati. Namwona Mzee wa Dipu amekaa nyuma ya gari, ameshika mbavu ya mbuzi mkono huu, mkono huu ni kikombe ya maziwa ya mala. Nikamwendea polepole. "Mzee, Israeli imeenda wapi?"

Hata hakushtuka. Akapangusa masharubu. "Leo iko utumwani," akasema. "Usiwaambie."

Na alikuwa mkali kwa mambo ingine hayana maana. Hakupenda mtu kukaa kwa ukuta wa dipu. Hakupenda mbwa. Alikuwa anasema makabila warudi nyumbani, warudi nyumbani, lakini binti yake wa Matasia akimwambia, "Papa, kuja ukae na sisi, kuna maji ya mfereji na stima," anakasirika siku tatu. Dipu yenyewe ilifungwa, maji ikakauka, ploti zikauzwa pande zote, nyumba za ghorofa zikasimama zikiangalia ule mfereji, watoto wanatupa chupa ndani. Yeye anakuja kila asubuhi na kofia na fimbo, anasimama pale mwisho wa mfereji. Ng'ombe hakuna. Nikimuuliza anafanya nini, anasema, "Mtu akirudi atakuja kuniangalia wapi? Matasia?"

Wageni wakikuja hapo, hata awe nani, alikuwa anauliza swali moja. Mimi mwenyewe ndilo aliniuliza siku ya kwanza, hata kabla aniulize bei ya mandazi: "Kwenu mnakata sikio la ng'ombe namna gani?" Aliwauliza madereva wa malori ya mahindi. Aliuliza Msomali wa duka. Kulikuja mzungu mmoja amepotea njia, anatafuta hoteli ya wanyama, akaulizwa masikio. Yule mzungu akatoa miwani, akasema kwao wanaweka plastiki ya njano na namba. Mzee akamhurumia sana. "Huyo," akaniambia, "hata wakimpata hawatamjua."

Jina la kijana wake alikuwa analisema kila siku. Mimi hapa nitasema tu fulani, utaona kwa nini. Hata pahali haina haja. Akikula mandazi ya moto, anasema, "Hii fulani angeimaliza." Mvua ikinyesha, "Fulani hapendi matope." Kanisani wakati wa maombi, sauti yake ndiyo inasikika, anamtaja kama mtu ametoka tu hapo nje kufunga mbuzi. Mimi mwanzoni nilifikiri ni uchungu inamsumbua. Ni mke wake aliniambia. Mama mpole, haongei sana, lakini siku hiyo tukiteka maji alisema, "Kwetu mtu ambaye anaitwa hajakufa. Siku mzee ataacha kumwita, ndio atakuwa amekufa. Mwache amwite."

Tangu hapo mimi pia nikaanza. Nikimwekea chai namuuliza, "Na fulani, ukimsikia moyoni ako wapi leo?" Basi uso unafunguka! Unaweza kufikiri nimempa ndama. Kwa hivyo elewa vile ilikuwa. Hilo jina tulikuwa tumelishika sote, kama vile watu wanashika mtoto asianguke.

Sasa kulikuja mhubiri mgeni. Kijana, suti ya bluu, kiatu inang'aa, hakuwa mtu mbaya. Akahubiri juu ya watu kumwacha Mungu, akafika kwa makabila kumi. Akasema, "Wapendwa, hao waliisha. Walioana na mataifa wakayeyuka, kama sukari kwa chai. Usiwatafute, hawako."

Nikasikia benchi ikilia. Mzee wa Dipu amesimama.

"Mchungaji, uliona kaburi?"

"Kaburi gani, mzee wangu?"

"Ya mmoja wao. Mmoja tu. Nionyeshe kaburi moja, mimi nikae chini."

Yule kijana anatabasamu, anafikiri ni utani wa mzee wa kanisa. Anaangalia huku, anaangalia huku, anaona watu wote wanaangalia miguu. Mzee akangoja jibu vizuri, na heshima. Halafu akavaa kofia ndani ya kanisa, kitu hajawahi kufanya, akatoka.

Baadaye mhubiri aliambiwa. Akakuja mpaka kibanda. "Baba, nisamehe, sikujua." Unafikiri mzee alimwambia nini? "Keti. Kwenu mnakata sikio namna gani?" Mhubiri hakujua! Akatoa simu akampigia baba yake huko Kakamega, na sauti tunaisikia sote. "Baba, ng'ombe zetu tunakata masikio aje?" Baba yake akauliza, "Wewe, umeanza pombe?" Tulicheka, mzee akacheka mpaka machozi. Halafu hayo machozi yakakataa kuisha. Mhubiri akamshika bega. Mimi nikaenda kuosha vikombe vilikuwa visafi.

Sasa nikupeleke Kajiado, siku ya soko ya ng'ombe. Mzee alikuwa hakosi hilo soko. Mimi nilikuwa nimeenda kununua maharagwe ya jumla, nikamkuta huko. Tunatembea, yeye anaangalia masikio, mimi naangalia mahali nitakanyaga. Mara akasimama. Mtamba mmoja mwekundu, mzuri, amefungwa kwa kamba. Sikio la kushoto, mkia wa mbayuwayu. La kulia, kipande kimetoka chini.

Akamshika kichwa. Mwenye kuuza akaruka. "Mzee, wacha ng'ombe yangu! Unataka kusema nimeiba?" Watu wakaanza kukusanyika, unajua soko, mtu akisema kuiba hata kwa utani fimbo zinainuka. Mimi nikaingia katikati na kikapu changu, nikapiga kelele, "Hakuna mwizi hapa! Mzee anauliza tu!" Lakini mzee hakuwa anasikia hata mmoja wetu. Alikuwa amefungua mdomo wa huyo mtamba, anaangalia meno.

Akageuka kwangu. Sijawahi kuona uso kama huo kwa mtu mzee. "Mama Chai, huyu ni mdogo. Angalia meno. Huyu hajazaliwa wakati fulani alienda."

Mimi sikuelewa haraka. Akanishika mkono akanitingisha. "Ni nani amemkata? Alama ni yangu. Ng'ombe ni mdogo. Ni nani ameshika kisu?"

Ndio nikaelewa. Kumbe kuna mtu, pahali, bado anakata sikio vile mzee alimwonyesha kijana wake. Na kisu hicho alikionyesha nani mwingine? Hakuna. Ndugu zake wa ukoo walikuwa na alama yao karibu ifanane, lakini hicho kipande cha chini kilikuwa cha nyumba yake peke yake.

Mwenye kuuza akatulia alipoona ni mambo gani. Akasema alimnunua huyo mtamba kwa mkulima mmoja, mbele ya Illasit, ng'ambo kidogo. Akamwelekeza njia na mti na kanisa ya mabati.

Tulirudi Kitengela yeye akiimba. Mimi na maharagwe yangu, yeye na nyimbo za moran, vijana wa mikuki, na hata yeye si moran tangu zamani. Alifika kibanda akaambia kila mtu. Karani akatoka nje na taulo kiunoni, akamwinua mzee juu kama bwana harusi. "Israeli imepatikana!" karani anapiga kelele. "Wapigieni simu Yerusalemu!" Mzee anasema, "Niweke chini, Mluhya wewe, utanivunja kabla nimwone." Mke wake alikuja akasimama tu mlangoni, ameshika shuka kwa mdomo.

Kesho yake akaenda kusini. Peke yake. Alikataa mtu kumsindikiza, akasema haya ni ya baba na kijana.

Hakupitia Kitengela kurudi. Tukangoja. Simu yake inalia haishikwi. Halafu tukasikia amerudi, lakini amekaa Kajiado kwa boma ya ndugu yake, na mke wake amemfuata huko. Nikajiambia, ni furaha, wanachinja, watatuita. Wiki zikapita, hakuna kuitwa. Nikafunga mandazi kwa gazeti, nikaenda.

Kwa mlango wa boma nilikutana na mke wake. Alikuwa amenyoa kichwa. Wamama wa Kimasai wananyoa, hiyo si kitu, lakini huyu alikuwa amenyoa mpaka kunang'aa, na shanga zote zimetoka shingoni, shingo imebaki nyembamba kama ya kuku. Alichukua mandazi, akanishika mkono. Nikaingia. Mzee alikuwa amekaa kwa kiti cha ngozi. Kofia hakuna. Na yeye pia amenyoa.

"Takwenya, Mama Chai," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia. "Mzee, umekonda."

"Keti."

Nikaketi. Chai ikaletwa. Ilikuwa ya rangi, haina maziwa. Halafu akaniambia, sauti yake iko chini kama mtu anaongea na mbuzi mgonjwa.

Alimpata yule mkulima. Mtu mzuri, wa nyanya na mahindi, alimpikia na kumpa kitanda chake. Na kwa zizi lake kulikuwa na ng'ombe za mzee. Si zote, lakini zile kubwa alizijua moja moja. "Yule mwekundu mwenye pembe imevunjika," akasema, "alitoka katikati ya wengine akaja akanilamba mkono. Miaka yote hiyo, Mama Chai. Alinijua."

Mkulima akamwambia ukweli wote, hakuficha. Hizo kubwa alizinunua kwa watu walizikuta porini zikizunguka. Na ndama zikizaliwa, akaona mama zao wako na alama nzuri masikioni, akachukua kisu akakata vile vile, ili zifanane. Tu hivyo. Zifanane zizini.

"Nikamuuliza, hao watu walizikuta na nani? Akasema hazikuwa na mchungaji."

Na mimi ni Mkikuyu, lakini nimekaa na Wamasai vya kutosha. Huyo kijana hangeacha ng'ombe ya baba yake porini kama ako na mguu moja wa kusimama. Nilijua, na yeye alijua ninajua.

"Ng'ombe uliziwacha?" nikauliza.

"Ningezichukua nimwache yeye huko?"

Nikataka kuongea kitu kingine. Mdomo wangu unajua ulivyo, haukai bila kazi. Nikasema, "Na wale kumi, Mzee? Wa Israeli?"

Akaangalia mikono yake. "Nilikosea njia. Nilifikiri alama ni mtu. Nikasema nikiona desturi nimeona watu. Sasa nimeona alama iko, sikio liko, kisu kimepita pale pale, na aliyekata ni mgeni hata hajui jina letu. Na amekata vizuri, Mama Chai. Vizuri kuliko mimi." Halafu akasema, "Yule mhubiri alisema kweli. Mtu anaweza kuyeyuka na chai ikabaki tamu."

Mimi hapo nikashindwa. Nikasema hapana, Mzee, hapana. Mwili hakuna mtu ameona. Ng'ombe zinaweza kumpotea mtu akiwa mgonjwa, akabebwa hospitali, akasahau simu, akaoa. Ni wewe ulisema hakuna mtu anawaweka kaburini! Nikasema, "Labda sasa hivi fulani…" Na hapo nililisema jina lenyewe, vile tulikuwa tumezoea. Nililitoa lote.

Akainua mkono. Si kwa hasira. Vile unainua mkono kusimamisha ng'ombe amekuja mbio.

"Hilo uliache hapo, Mama Chai."

"Unaniamrisha ama unaniomba?"

"Nakuomba."

Kule nje nilimsikia mama yake kijana akiacha kusuuza kikombe. Nikasema, "Sawa, Mzee. Nimeliacha." Na nikaliacha. Tulikula mandazi zikiwa baridi. Alinisindikiza mpaka barabarani, na kulikuwa na ng'ombe za watu zinapita, nyingi, vumbi kila mahali. Aliangalia njia tu. Hakuangalia sikio hata moja.

Hakukaa sana baada ya hapo. Walimzika huko Kajiado, na jina lake likaenda na yeye, ndio maana hata leo sijakutajia. Sasa hao wawili wote wamenyamaziwa. Mkikuyu mzima mimi, mwenye kwetu majina hayazikwi, nimekaa nayo mawili mdomoni na sina ruhusa kutema.

Nikamwambia hayo yote mjukuu wangu. Huyu wa msichana wangu wa kwanza, amesomea unesi, na juzi ameandikwa kazi kwa kliniki moja ndogo huko Illasit. Huyu mjukuu akiwa mdogo, kijana wa mzee alikuwa anambeba mabegani kumvusha matope, kwenda shule. Alikuwa anafunga mabegi, na mimi niko kwa kitanda yake nalia kama mtoto, namwambia ndio hivyo, nilikubali, nimefungwa mdomo, na sasa hakuna mtu duniani anamwita huyo kijana.

Akaacha kukunja nguo. Akasema, "Shosho, ni wewe uliombwa. Mimi hakuna mtu aliniomba."

Nikamwambia nyamaza, usicheze na mila ya watu.

"Sichezi," akasema. Akakaa kando yangu, akanishika hii mikono yangu. "Kazi yangu ya asubuhi ni kusimama kwa dirisha na kuita wagonjwa majina. Wanatoka huku, wanatoka ng'ambo, wengine wametembea usiku kucha. Nitaanza na lake. Kila asubuhi nitaliita kwanza, kwa sauti, halafu nitangoja kidogo kabla niite la pili."